Hadithi ya Kuku Iliyokwamisha Kompyuta

Niliporudi kuishi Kakamega, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kutunza kompyuta za kikundi kilichokusanya hadithi za zamani. Kikundi chenyewe kilikuwa kidogo. Kiongozi wake alikuwa mwalimu mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Madam, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha. Madam aliwatembelea wazee nyumbani kwao na kuwarekodi kwa simu wakisimulia ngano walizozisikia utotoni. Rekodi hizo alizileta kwenye chumba chetu, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na hapo mama mmoja kutoka Mukumu alizisikiliza na kuzichapa neno kwa neno.

Mama huyo alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, na hakuwahi kusahau hilo hata akiwa kazini. Aliimba akipanda ngazi, akaimba akifuta vumbi kwenye meza. Nairobi nilikuwa nimeandika programu za kampuni ambazo sikujua hasa zinauza nini. Hapa nilijua. Nilipita asubuhi katikati ya magunia ya mbegu za mahindi, nikafika juu, nikamkuta mama wa kwaya amevaa vipokea sauti, mabega yanatikisika kwa kicheko kwa sababu fisi ameanguka shimoni tena.

Shida ilianza polepole, ndiyo maana hakuna aliyejua ilianza lini. Hapo mwanzo, mama wa kwaya alipomaliza kuchapa hadithi na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, hadithi iliingia mara moja kwenye hifadhidata, yaani ghala letu la hadithi ndani ya kompyuta. Baadaye ikawa inasitasita. Kisha ikawa anabonyeza, kiduara kinaanza kuzunguka kwenye kioo, na yeye anapata nafasi ya kumimina chai, kuipoza na kuinywa.

Akabuni kipimo chake mwenyewe. Akishabonyeza, alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa mwendo wa kawaida.

“Hii ya leo imekula beti mbili na kiitikio,” alitangaza siku moja.

“Na zile za mwezi uliopita?” nikauliza.

“Hizo zilikuwa za beti moja. Lakini hii ni ya yule kukhu wa Shianda. Unajua yeye husimulianga mpaka usahau ulikotoka.”

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Kukhu wa Shianda alikuwa mke wa mkulima wa miwa huko upande wa Mumias, na hadithi yake ya kuku ilikuwa mojawapo ya mbili ndefu kuliko zote tulizokuwa nazo. Kuku huyo alikuwa achinjwe kwa ajili ya wageni. Kila aliposhikwa alianza kusimulia kisa, na kisa kilizaa kisa kingine, mpaka wageni wakalala na njaa yao. Baada ya kila kisa palikuwa na wimbo. Siku kukhu alipoongeza sehemu ya pili ya simulizi lake, mama wa kwaya alibonyeza, akaimba wimbo mzima mpaka amina, na kiduara bado kikazunguka.

“Madam,” akaita, “huyu kuku amenishinda. Nimemaliza wimbo na bado hajaingia kibandani.”

Madam alikuja akasimama nyuma yetu, mikono kiunoni. Alikuwa amewaahidi wazee kwamba kabla ya mwaka kuisha watoto wao wataweza kuzisoma hadithi zao, na rafu yetu ilikuwa imejaa rekodi zinazongoja. Alitazama kile kiduara kama anavyomtazama mwanafunzi anayechelewa kujibu.

“Ni urefu,” akasema. “Hadithi ni ndefu mno. Tuukate huu wimbo. Tuuandike mara moja tu, halafu tuseme unarudiwa.”

Mama wa kwaya akavua vipokea sauti. “Lakini Madam, haurudiwi vilevile. Mara ya kwanza kuku anaimba kwa woga, mara ya mwisho anaimba kwa kiburi. Hata maneno yanageuka kidogo.”

“Najua. Lakini tutafanyaje?”

Mimi nilikuwa nimeshaupenda ule wimbo. Nikasema, “Nipe siku chache, Madam. Msikate kitu.”

Nilianza na lile ambalo kila mtu alilishuku, yaani intaneti. Kompyuta iliyobeba hifadhidata yetu ilikuwa pale pale chini ya meza yangu, na hadithi hazikuwa na haja ya kwenda nje ya chumba. Lakini kusema tu hakukutosha. Nilichomoa waya wa intaneti mbele yao nikamwomba mama wa kwaya abonyeze. Akaimba. Beti mbili na kiitikio, kama kawaida. Intaneti ikasamehewa.

Kisha nikaishuku diski, kwa kuwa ilikuwa ya kizamani na ilinguruma kama inasaga nafaka. Madam akanunua mpya, nami nikahamishia kila kitu. Siku hiyo hadithi ziliingia haraka kidogo, tukafurahi, tukanunua mandazi. Baada ya wiki, mama wa kwaya alikuwa amerudi kwenye beti ya pili. Nilikaa nikitazama ile diski mpya iliyonyamaza kimya, nikacheka peke yangu. Nairobi jambo kama hilo lingeninyima usingizi. Hapa, nje mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati, chini watu wanabishana kuhusu dawa ya kupe, na mimi nina fumbo zuri mikononi.

Nikaamua kuacha kubahatisha. Nilichukua zile hadithi mbili ndefu kuliko zote, ya kukhu wa Shianda na ya kukhu mwingine wa Lumakanda, huko Lugari, ili ziwe vipimo vyangu. Nikatengeneza hifadhidata ya pili, inayofanana na yetu kwa kila kitu, ila haina hadithi hata moja ndani. Nikaingiza ya Shianda. Ikaingia kabla sijainua kidole. Nikaingiza ya Lumakanda. Vilevile.

“Imeingia?” mama wa kwaya akauliza. Alikuwa ameshafungua kinywa.

“Imeingia.”

“Yote? Na nyimbo zake?”

“Yote.”

Basi urefu haukuwa na hatia. Nikarudi kwenye hifadhidata yetu yenyewe, iliyojaa, nikachapa hadithi yangu mwenyewe: Hapo kale palikuwa na sungura, akafa. Nikabonyeza kitufe. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mama wa kwaya akaimba beti ya kwanza, akaimba ya pili, akafika kwenye kiitikio.

“Ala!” akasema. “Sungura amekufa mstari wa kwanza na kompyuta bado inakaa matanga?”

Tulicheka mpaka Madam akatoka ofisini kwake. Lakini sasa nilikuwa nimeona. Hadithi inayoingia inaweza kuwa ya mstari mmoja au ya kurasa nyingi, yote ni sawa. Kinachoichelewesha ni zile ambazo zimeshaingia.

Niliifungua programu yetu nikafuata hatua moja baada ya nyingine kinachotendeka mtu anapobonyeza kitufe kile. Iliandikwa na kijana aliyeajiriwa na kikundi kabla yangu, ambaye baadaye alipata kazi ng’ambo. Alikuwa mwangalifu. Alijua mtu anaweza kubonyeza mara mbili na hadithi moja ikaingia mara mbili, kwa hiyo aliweka ukaguzi: kabla ya kupokea hadithi mpya, programu iilinganishe na zote zilizomo. Na kwa vile nafasi moja ya ziada au herufi kubwa inaweza kuificha nakala, programu ilichukua kila hadithi ya zamani, ikaondoa nafasi zake, ikageuza herufi zake zote kuwa ndogo, ndipo ikalinganisha. Kila hadithi, tangu mwanzo mpaka mwisho, kila mara kitufe kilipobonyezwa. Siku alipoondoka hadithi zilikuwa chache, na ukaguzi wake ulikwisha kufumba na kufumbua. Hakuwepo kuziona zikiongezeka.

Nilimweleza Madam hivi: “Fikiria harusi. Kila mgeni mpya akifika getini, mlinzi anaingia ndani, anamsimamisha kila mtu aliyekwisha kukaa, anamnawisha uso, anamtazama vizuri, kisha anarudi getini kusema, ‘Sawa, huyu hayumo, aingie.’ Mgeni awe mrefu au mfupi, atangoja. Na kadiri wageni wanavyojaa, ndivyo wa mwisho anavyongoja zaidi.”

“Na chakula kinapoa,” Madam akasema. “Sasa tumfukuze mlinzi?”

“Hapana. Tumpe kazi nyepesi. Kila hadithi ikishaingia tunaitengenezea alama fupi, kama ya kidole. Herufi chache tu, zinazotokana na maneno yote ya hadithi. Hadithi mbili zikiwa sawasawa, alama zao ni moja. Zikitofautiana hata kwa neno moja, alama zinatofautiana. Alama hizo tunazipanga kwa utaratibu, kama maneno ya kamusi. Mgeni akija, mlinzi anaangalia alama yake tu. Hamsumbui mtu aliyekaa.”

Madam alifikiri kidogo, kisha uso wote ukafunguka. “Kamusi,” akasema. “Huanzi kusoma kuanzia A ukitafuta neno la M.”

“Ndiyo hivyo, Madam.”

Kuandika marekebisho hayo hakukuchukua muda mrefu. Niliongeza safu fupi ya kuwekea alama, nikaitengenezea faharasa, nikazipitia hadithi zote za zamani mara moja tu kuzipa alama zao, nikajaribu kwanza kwenye nakala nisije nikaharibu kitu. Kisha, kabla ya chakula cha mchana, nikamwita mama wa kwaya.

Akakaa wima kama yuko mbele ya padri. Alikuwa na ile sehemu ya pili ya kuku wa Shianda, ambayo alikuwa ameihifadhi pembeni. Akabonyeza, akavuta pumzi aanze wimbo, na pale pale kioo kikaandika: Imehifadhiwa.

Alibaki na kinywa wazi. “Hata sijaimba!”

“Jaribu nyingine.”

Akajaribu nyingine, na nyingine. Alizileta zote zilizokuwa zinangoja, akawa anabonyeza na kuhesabu kwa sauti, akapoteza hesabu, akasimama, akamshika Madam mikono wakacheza katikati ya meza. Madam akapiga vigelegele. Muuza mbegu alipanda ngazi mbio, kopo lake la kupimia bado mkononi, akauliza nani ameolewa.

“Ni kuku,” mama wa kwaya akamjibu. “Kuku ameingia kibandani.”

Nilidhani hadithi yangu imeishia hapo, na ingeishia hapo ningeridhika. Lakini katika siku zile za kupima nilikuwa nimeingiza na kufuta zile hadithi mbili ndefu mara nyingi kiasi kwamba maneno yake yalianza kukaa mdomoni. Kesho yake nilikuwa naosha kikombe huku ninaimba:

Mgeni, mgeni, ngojea kidogo,
kuku ana hadithi, kisu hana meno.

Nikasimama na kikombe mkononi. Nilikuwa nauimba kama wimbo wa kuku wa Shianda. Lakini maneno hayo ya “kisu hana meno” nilikuwa nimeyasoma pia katika ile nyingine. Hadithi ya kukhu wa Lumakanda haikuwa ya kuku peke yake. Ilianza na mfalme, ikapitia mto, na kuku alitokea katikati. Hata hivyo, alipoanza kuimba, aliimba maneno hayohayo, na kosa hilohilo. Mtu anayekijua Kiswahili angesema kisu hakina makali. Watu wawili hawawezi kukosea namna moja hivyo kwa bahati.

Nilimwambia Madam. Akaniomba nitafute maneno hayo katika hadithi zote. Yalipatikana katika hizo mbili tu.

“Nimezunguka kaunti hii yote,” akasema, “na wimbo huo sijausikia kwingine. Hebu tumpigie kukhu wa Lumakanda.”

Simu ilipokelewa na mwanawe, ambaye alikuwa shambani akipalilia mahindi. Alitembea nayo mpaka nyumbani. Madam akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

“Mulembe, kukhu,” Madam akamsalimia.

“Mulembe, mwanangu. Mmerudi kuniibia hadithi?”

“Tumerudi kuuliza jambo. Ule wimbo wa kuku, wa ‘kisu hana meno’, ulifundishwa na nani?”

Kukhu akacheka kwa sauti nyembamba ya kisichana. “Nani atufundishe upuzi kama ule? Tuliutunga sisi wenyewe. Mimi na mwenzangu, tukisoma pale Mukumu. Tulikuwa tunatumwa kukamata kuku wa wageni wa misheni. Siku moja tukamhurumia kuku mmoja, tukamtungia wimbo. Kiswahili chenyewe tulikuwa tunajifunza. Sista aliposikia ‘kisu hana meno’ alicheka mpaka akakaa chini.”

“Na mwenzako huyo yuko wapi?”

“Ah.” Sauti ikashuka. “Baba alipata shamba huku Lugari, tukahama. Nilisikia tu kwamba aliolewa upande wa Mumias. Jina la mume sikulijua. Ni zamani sana hiyo. Sijui kama bado yupo.”

Madam alinitazama. Nilikuwa nimeukaza mkono mdomoni. Mama wa kwaya alikuwa ameanza kulia waziwazi.

“Kukhu,” Madam akasema polepole, “kuna kukhu wa Shianda ambaye ametusimulia hadithi ya kuku. Anaimba wimbo wenu. Juzi tu ameiongezea sehemu ya pili.”

Tulisikia ng’ombe akilia huko kwake.

“Sema tena,” kukhu akasema.

Madam akasema tena.

Tulikutana Mukumu Jumamosi, nyumbani kwa mama wa kwaya, ambaye hakukubali mahali pengine. Kukhu wa Shianda ndiye aliyefika kwanza. Tulikuwa tumempigia pia, naye alivaa leso mpya na viatu vilivyombana, akakaa sebuleni akitazama mlango. Alikuwa mwembamba, na aliendelea kutuuliza kama mwenzake ameota mvi. Tulimwambia hatujui, sisi tumesikia sauti tu, isipokuwa Madam, naye Madam hakutaka kumharibia mshangao.

Gari la mwanawe kukhu wa Lumakanda lilisimama getini. Mlango ukafunguliwa, lakini kukhu alikawia kushuka, kwa kuwa alikuwa mnene na magoti yanamsumbua. Alikuwa amebeba kuku hai kwapani, zawadi ya mwenye nyumba. Hakuita hodi. Alisimama pale uani, akainua uso, akaimba:

“Mgeni, mgeni, ngojea kidogo…”

Ndani ya nyumba, kabla hata ya kusimama, kukhu wa Shianda akaitikia:

“Kuku ana hadithi, kisu hana meno!”

Sijui alifikaje mlangoni na viatu vile. Nakumbuka tu kwamba walishikana, kuku akaponyoka na kukimbilia kwenye migomba, na hakuna aliyemfuata. Walitazamana wakashikana nyuso kwa viganja. Mmoja alikuwa anasema, “Umenenepa, umenenepa,” na mwingine anajibu, “Na wewe je, hawakulishi?” Walicheka wakalia, wakacheka tena. Mwanawe kukhu wa Lumakanda, mwanamume mzima mwenye mvi ndevuni, aligeuka kulitazama gari lake kana kwamba limepata hitilafu.

Tulikula obusuma, yaani ugali wa kwetu, na kuku, lakini si yule wa zawadi. Kukhu wa Shianda alipiga marufuku yule kuguswa. Wali na chai vilikuwepo pia, ila wale wawili hawakula sana, walikuwa wanabishana. Ilikuwa wazi kwamba kila mmoja alikuwa ameendelea na hadithi yake peke yake miaka yote hiyo. Kule Shianda, kuku alipaa mwishowe akatua juu ya paa la kanisa, na kengele ikalia yenyewe. Kule Lumakanda, kuku alikuwa mpishi wa mfalme, akawa anaamua nani ale nini.

“Umeiharibu,” kukhu wa Shianda akasema. “Kuku gani anapika?”

“Na kuku gani anapiga kengele? Wewe ulipendanga kupanda juu ya vitu hata zamani.”

“Wewe ulipendanga jikoni!”

Madam alikuwa ameweka simu katikati ya sahani inarekodi, na machozi yanamtiririka kwa kicheko. Aliniinamia akaninong’oneza, “Tungeukata wimbo ule…” Hakumaliza, wala sikuhitaji amalize. Nilijisikia nimejaa furaha ya aina ambayo kazi haikuwahi kunipa. Nilikuwa nimetaka tu kitufe kifanye kazi.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa msitu, mwana wa Lumakanda alichukua funguo zake. “Mama, twende kabla ya mvua. Barabara ya kwetu unaijua.”

Kukhu hakuinuka. Alikuwa ameuweka mguu wake mbaya juu ya stuli, na mwenzake anaukanda taratibu.

“Wewe nenda,” akasema. “Mimi naenda Shianda.”

“Shianda? Na nguo zako?”

“Nitavaa zake.”

“Mama, zake hazitakutosha.”

Wote wawili wakaanza kucheka upya, mmoja akimwangukia mwingine begani, na mwana wa watu akabaki amesimama na funguo. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka Shianda katika mvua, na kukhu wa Lumakanda alikaa huko mpaka miwa ya jirani ikaiva na kukatwa. Aliporudi kwake hakurudi peke yake. Kukhu wa Shianda alikwenda naye kuyaona mahindi ya Lugari, na alitupigia simu kutoka huko kutuambia kwamba ni kweli, ni marefu kama mwenzake alivyojigamba.